Mashahidi Pacha wa Mfereji wa Juu

Kama kulikuwa na watu wawili katika milima yote ya Upare wasioweza kukubaliana hata juu ya rangi ya ugali, walikuwa Nakijwa na wifi yake Namsifu. Ndiyo maana taa nyekundu ilipowaka ukutani mwa Baraza la Maji, na sauti ya Mlinganishi, mashine ya kulinganisha ushahidi, ikatamka kwamba ushahidi wa wanawake hao wawili ni mmoja, ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu wakacheka mpaka walipokumbuka kwamba Mlinganishi hana mzaha.

Namsifu ndiye aliyeshtaki. Alikuwa amejifungia kwenye kibanda cha ushahidi asubuhi ile na kuiambia mashine kwamba zamu ya maji ya kaka yake Sefania ni ya ukoo wa Mgonja, na irudi kwenye ukoo. Nakijwa, mke wa huyo Sefania, aliingia baada yake akasema zamu ni yake kwa ndoa na hairudi kokote. Mmoja kasema ndiyo, mwingine kasema hapana. Mashine ikawaona pacha.

"Neno lipi?" Namsifu aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye paneli za jua juu ya paa. "Nionyesheni neno moja nililosema mimi sawa na huyu mchawi."

"Ushahidi ulioshindwa haufunguliwi Baraza lisipoamuru," alisema Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Mrindoko, bila kumtazama. "Unafungwa, haulinganishwi tena, usije ukawachafua wasikilizaji. Sheria mnaijua."

Waliijua. Nani asiyeijua? Zamani, kabla ya Mlinganishi, kesi za maji ziliamuliwa na mashahidi wa kukodi, watu waliokaririshwa maneno yaleyale kama kasuku, na aliyeshindwa baraza alikwenda kutafuta haki kwenye bwawa akiwa na panga. Baraza likatunga sheria: kila ushahidi ulinganishwe na kila ushahidi uliowahi kutolewa, na wawili wakikutwa na kinywa kimoja, wote wakatiwe bomba. Kukatiwa bomba mlimani, tangu mvua ziadimike, maana yake ni moja tu. Unafunga mizigo unateremka nyika, ukaishi na vumbi na waliokutangulia.

"Lakini Mwenyekiti, hawa ni maadui," mtu mmoja alijitolea kusema kutoka nyuma.

"Maadui wanaosema kwa kinywa kimoja ndio waliopangwa vizuri kuliko wote," Mrindoko akajibu. "Wanajifanya kugombana ili Baraza liwathibitishie zamu ambayo mwenyewe, Sefania, alishakatiwa. Tena ni Mfereji wa Juu. Hao tunawafahamu." Akanyoosha mkono kwenye bomba dogo la shaba lililo pembeni mwa kiti chake, bomba la cheo, ambalo maji yake hutiririka mchana kutwa bila kufungwa, akalowanisha vidole. "Valvu zao zitafungwa Ijumaa. Kabla ya hapo kila mmoja ana haki ya neno la mwisho mbele ya Baraza. Waingie wengine."

Nakijwa alitoka nje haraka kuliko wote, na si kwa woga. Yeye alikuwa fundi wa Mlinganishi.

*

Namsifu alimkamata kwenye ngazi.

"Hongera, wifi. Mashine yako imemla hata mwenye nyumba."

"Niache, Namsifu."

"Nikuache? Nikuache kama ulivyomwacha kaka yangu?"

Hapo ndipo penye kidonda, na Namsifu hakuwa mtu wa kukipita kidonda bila kukitia kidole. Masika ya mwaka juzi Sefania alitoa ushahidi katika kesi ya mpaka dhidi ya binamu yake wa ukoo huohuo, na Mlinganishi akasema yeye na huyo binamu ni pacha. Sefania alirudi nyumbani akaapa kwa kila kitu anachoweza kuapa mtu. Nakijwa akamjibu kwamba mashine haina sababu ya kumwonea. Siku valvu ilipofungwa alimfungashia nguo, naye akabaki mlimani, kwa sababu fundi wa Mlinganishi ana zamu isiyokatwa kwa makosa ya mumewe, na kwa sababu, tuseme ukweli, aliona aibu kutembea na mwongo.

"Nilifanya kazi yangu," Nakijwa alisema. "Kazi yangu haina kosa. Mimi napewa mihuri."

"Mihuri, mihuri. Sema kama mtu."

"Mashine haiwezi kusoma ushahidi wako wote na kuulinganisha na kila ushahidi uliomo ghalani, herufi kwa herufi. Ungezeeka kwenye foleni. Kwa hiyo kila ushahidi unapigiwa hesabu, herufi zake zinageuzwa namba moja. Hiyo namba ndiyo muhuri. Mimi naipanga mihuri kwa mfuatano, kubwa na ndogo, ili ikija mpya tufungue katikati, tujue iko upande upi, tutupe nusu, tufungue katikati tena. Tunafika haraka. Namba mbili zikilingana kwangu, zimelingana."

"Na namba mbili zikilingana, maneno yamelingana?"

Jibu Nakijwa alilijua. Kila mwanafunzi wa ufundi hukaririshwa jambo hilo siku ya kwanza: muhuri ukitofautiana, amini, muhuri ukilingana, kasome. Kwa sababu maneno hayana mwisho na namba zina mwisho, na inaweza kutokea mara chache mno, chache kuliko radi kumpiga mtu yuleyule tena, kwamba maneno mawili tofauti yakazaa namba moja. Ndiyo maana baada ya mihuri kulingana, mashine inatakiwa irudi ghalani, itoe maandishi yote mawili, isome herufi ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, na ikikuta tofauti moja tu iseme hapana. Yeye aliamini kwamba inafanya hivyo. Haikuwa sehemu yake.

"Ulisemaje mle ndani?" akauliza.

"Nilisema nilichosema. Kwamba wewe ni mwizi wa maji."

"Tangu mwanzo, Namsifu. Ulianzaje?"

Namsifu akamtazama kama anayemtazama mlevi. "Nilianza kama mtu aliyelelewa. Nilibisha hodi. Nikawasalimu wazee waliokaa na waliolala, nikautaja mfereji ninaokunywa, nikaitaja ndiva yetu, bwawa letu la kukusanyia maji, na waliolichimba, nikawataja baba za ukoo kutoka babu yetu mpaka Mgonja mwenyewe, nikawashukuru, nikaomba njia. Ndipo nikajitaja jina. Wewe ulitaka nianze vipi, kama watoto wa Mfereji wa Chini wanaoingia na kelele 'mimi nimeibiwa'?"

"Na kuaga?"

"Nikaaga. Nikakabidhi maneno kwa maji, maji yayashuhudie, wazee wayalaze salama. Yote. Kwani wewe uliaga vipi?"

"Vivyo hivyo," Nakijwa alisema polepole.

"Na kwenye hodi uliwataja kina nani?"

"Niliolewa kwenu. Niliwataja baba zenu."

"Baba zangu! Kwa mdomo huo!"

Lakini Nakijwa alikuwa ameshaanza kukimbia kurudi ndani. Nusu ya watu waliokatiwa bomba walitoka Mfereji wa Juu, na mlima mzima ulikuwa na msemo kwamba huko mtoto hufundishwa uongo kabla ya kutembea. Lisemwalo lipo, watu walisema, wakaacha hata kuoana nao. Barazani hakuna aliyewahi kusema kwamba Mfereji wa Juu ndio pekee ambako kila mtu bado hubisha hodi kwa ukamilifu, neno kwa neno, kama ilivyorithiwa, bila mtu kujitaja kabla ya kuwataja baba zake.

*

Mhandisi Mkuu Eliapenda Mfinanga hakukana. Hilo lilimkasirisha Nakijwa zaidi kuliko kama angekana.

"Funga mlango," alisema. Nyuma yake, kupitia kioo, nyavu za ukungu zilikuwa zimetandazwa mteremko mzima, zikikamua wingu. "Ndiyo. Muhuri unapigwa kwa kipande cha mwanzo na kipande cha mwisho. Katikati haisomwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa mzigo. Kupiga hesabu ya ushahidi mzima, na watu wenu wanaongea mpaka jioni? Foleni ilikuwa inafika sokoni. Nikasema mwongo anayekariri hukariri tangu mwanzo. Kichwa na mkia vinatosha kumjua nyoka."

"Na kusoma baada ya mihuri kulingana?"

"Kumezimwa. Baraza lilitaka majibu papo hapo."

"Hata urefu? Ushahidi wangu mfupi, wa Namsifu haumaliziki. Kuangalia urefu hakuchukui hata kufumba jicho!"

"Waongo walishajua. Walikuwa wanachomeka maneno mawili matatu ili urefu upishane. Baraza likaagiza urefu usihesabiwe."

"Na hodi? Mhandisi, wewe ni mtoto wa mlima huu. Hodi unaijua."

"Kwetu chini tuliiacha. Nilidhani imekufa kote." Akageukia kioo. "Mwaka wa pili nikajua kwamba haijafa."

"Ukajua, ukanyamaza."

"Nikanyamaza!" Mfinanga alipiga meza. "Baba yangu alikatwakatwa kwenye kingo za ndiva na jirani yake. Mashahidi kundi zima wakaja wakasema aliteleza, maneno yaleyale, pua juu. Nilikuwa nimekaa pale nasikia. Tangu Mlinganishi aanze, ni panga lipi limeinuliwa kwenye bwawa? Litaje. Hulijui kwa sababu hakuna. Watu wanaiogopa mashine, na wanaiogopa kwa sababu haikosei. Nikisimama leo nikasema inakosea, kila kesi itafufuka, na kila mtu atakwenda kunoa panga lake. Utawazika wewe?"

Maneno yale, Nakijwa aliona, hayakuwa ya kipuuzi. Naye aliwahi kuona mtu akiletwa kutoka bwawani amebebwa juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa.

"Sikiliza," Mfinanga aliendelea kwa sauti ya chini. "Ushahidi wa wifi yako nitautia alama kichwani, kitu kisichosomeka. Muhuri utabadilika, hamtalingana tena. Ijumaa tutatangaza hitilafu ya umeme. Utabaki na zamu yako, naye atabaki na yake. Utakaposimama kwa neno la mwisho utashukuru Baraza, basi."

"Na waliokwisha kuteremka?"

"Wameshateremka."

"Mume wangu yuko huko."

"Ulimfungashia mwenyewe, Nakijwa," Mfinanga alisema. "Usinipandishie sauti kwa jambo ambalo hata mlangoni hukumshika mkono."

Angeweza kumpiga. Alitoka bila kusema ndiyo wala hapana, na kitu kilichomuuma ni kwamba yule bwana hakusema uongo.

*

Nakijwa hakuwa amekanyaga kwa Namsifu tangu masika yale. Mama mkwe wake, bibi aliyebaki mifupa na macho, alikuwa amelazwa kwenye kitanda karibu na jiko, na hakuitikia shikamoo. Nakijwa alibaki amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti, akaeleza yote: kichwa na mkia, katikati isiyosomwa, alama ya siri, hitilafu ya umeme.

Namsifu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamchapa kibao kilichosikika kwa jirani.

"Hicho ni cha Sefania," alisema. "Kwa hiyo hakuwa mwongo."

"Hakuwa."

"Sema tena. Mama asikie."

"Sefania hakuwa mwongo. Alibisha hodi na binamu yake akabisha hodi. Ni hilo tu."

Namsifu alikaa chini kwenye kigoda, akajifunika uso na kanga. Alilia kwa hasira, kama wanavyolia watu wasiotaka kuonekana wakilia, na Nakijwa alisimama palepale akiwa na shavu linalowaka asijue mikono yake aiweke wapi. Alitamani kibao cha pili. Kingemsaidia kulia na yeye.

"Kubali," Namsifu alisema hatimaye, bado kajifunika. "Kubali hiyo alama yao. Mama hawezi kubebwa mpaka nyika, atatufia njiani. Kubali, wifi, na kila siku ukinywa yale maji ujue unakunywa nini."

Bilauri ilipita katikati yao ikapasukia ukutani. Wote wawili waligeuka. Bibi alikuwa ameegemea kiwiko, anahema.

"Mnanipangia maji ya nani?" alisema. "Mwanangu anakunywa vumbi, mimi ninyweshwe aibu? Tokeni hapa mkanitafutie mwanangu, au nyamazeni nife bila makelele."

Basi shauri likawa limekatwa. Namsifu aliinuka akaanza kuokota vigae.

"Una akili gani, fundi?" aliuliza bila kumtazama. "Ukienda kusema, nani atakusikiliza? Watasema umekatiwa bomba ndiyo maana unatapatapa."

"Sitasema. Mashine ndiyo itasema." Nakijwa akachuchumaa kumsaidia kuokota. "Kiapo cha Masika cha Mwenyekiti unakikumbuka?"

"Nani asiyekikumbuka? Kinapigwa redioni kila mwaka mpaka mbuzi wamekijua."

"Anabisha hodi?"

"Anabisha hodi vizuri kuliko wote. Mjanja yule. Anajua bila hodi wazee hawamchagui."

"Na kile kiapo kimo ghalani kama ushahidi mwingine wowote. Na neno la mwisho linaingia kwenye mashine kama ushahidi mwingine wowote."

Namsifu aliacha kuokota vigae. Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu Nakijwa aolewe kwenye ukoo ule, alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kutisha.

"Kaa hapo," alisema. "Wewe hodi yako ni ya kujifunza ukubwani, utaharibu. Sema nyuma yangu, na ukikosea neno nakuchapa tena."

Akamkaririsha siku zote zilizobaki. Alimchapa kweli, kwa mwiko.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mfinanga alikuwa amekaa pembeni, na Nakijwa alipopita alimtikisia kichwa kidogo kumjulisha kwamba alama imeshawekwa. Mwenyekiti Mrindoko alilowanisha vidole kwenye bomba lake la shaba, akamwashiria aanze.

Nakijwa alisogea kwenye kinasa sauti.

"Hodi wazee mliokaa, hodi mliolala," alianza. "Nakunywa Mfereji wa Kati, uliochimbwa na kina Mrindoko kwa majembe ya miti..."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Nakijwa hakuwa mtu wa Mfereji wa Kati.

"Mimi ni wa Mrindoko aliyezaliwa na Kajiru, Kajiru aliyezaliwa na Senzota..."

"Anataja baba za nani huyu?" mzee mmoja alipaza sauti. Mwanamke kujitwalia baba za mtu mwingine, tena za Mwenyekiti, tena mbele yake, ni tusi ambalo zamani lililipwa kwa ng'ombe. Kelele zikapanda. Mrindoko mwenyewe alikuwa amenyanyuka nusu.

"Neno la mwisho halikatizwi!" Namsifu aliwika kutoka benchi la mbele. "Sheria mnaijua!"

Mrindoko alikaa. Nakijwa akaendelea, baba kwa baba, shukrani kwa shukrani, mpaka hodi ikaisha. Hapo akavuta pumzi.

"Sasa nimefika katikati," alisema, "mahali ambapo mtu wa Baraza hili husema aliloliona. Mimi nitawaambia namna ya kupika makande. Chukua mahindi yaliyokobolewa. Loweka usiku kucha. Maharage yachemshe mbali, usije ukayachanganya mapema yakavunjika..."

Watu walikuwa wanacheka, wengine wanazomea. Mfinanga hakucheka. Alikuwa amesimama wima, uso umempauka, kwa sababu, ukiwatoa wifi wale wawili, yeye peke yake mle ndani ndiye aliyeelewa.

"Kitunguu usiweke kabla mahindi hayajaiva. Na Mwenyekiti wetu ni mtu mvivu wa kusoma, na Baraza lake limewateremsha nyika watu wasio na hatia. Chumvi weka mwishoni." Akageukia ukuta wa mashine, akaanza kuaga, kwa maneno yaleyale ya Kiapo cha Masika. "Nayakabidhi haya kwa maji. Maji ya Kati yayashuhudie, wazee wayalaze salama, na mlima usikie."

Halafu taa nyekundu.

"Ushahidi wa Nakijwa, mke wa Sefania Mgonja," ilisema sauti ya Mlinganishi, tulivu kama siku zote, "na Kiapo cha Masika cha Mwenyekiti Mrindoko, ni mmoja. Hawa ni pacha."

Kwa mtu wa kawaida valvu husubiri Ijumaa inayofuata. Lakini Mrindoko huyuhuyu, mwaka aliogombea kiti, alitunga kifungu cha kujionyesha kwamba mwenye cheo hasubiriwi, hufungiwa papo hapo. Bomba la shaba lilikohoa. Likatoa tone, likatoa tone jingine, likanyamaza. Ukumbi wote ulisikia jinsi lilivyonyamaza, maana hakuna hata mtoto mle ndani aliyewahi kulisikia likiwa kimya.

"Fungua!" Mrindoko alimpigia kelele Mhandisi. "Fungua haraka, ni upuuzi! Makande! Mimi nimesema makande kwenye kiapo changu?"

"Haifunguki, Mwenyekiti," Mfinanga alisema kwa sauti kavu. "Sheria ni kwamba valvu ya pacha hufunguka kwa njia moja. Baraza liamuru ushahidi usomwe kwa sauti na kuonekana umetofautiana. Haijawahi kuamriwa."

"Basi usomwe! Usomwe sasa hivi!"

"Mkuki kwa nguruwe!" mtu akapiga kelele kutoka dirishani, na ukumbi ukaitikia kwa ngurumo, "Kwa binadamu mchungu!"

Namsifu alikuwa ameshafika mbele. "Amesema usomwe. Karani, andika kwamba amesema. Kama wa kwake unasomwa, na yetu isomwe yote, ya wote waliokatiwa. Na mlima huu aliyebisha kwanza ndiye hufunguliwa kwanza. Mwenyekiti atasubiri zamu yake. Anza na kaka yangu."

"Bomba langu ni la Baraza..." Mrindoko alianza kusema, lakini wazee wa mabenchi ya mbele, waliomchagua kwa hodi yake, walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa nayo. Alitazama bomba. Akainamisha kichwa.

Nyuma, vijana wawili wa ukoo uliowahi kushindwa kesi walikuwa wameshaanza kusukumana na wa ukoo uliowashinda. Mfinanga aliwaona, kisha akamtazama Nakijwa, na jicho lake lilisema: sasa utawazika wewe? Nakijwa hakuinamisha macho. Aliogopa, lakini hakuyainamisha.

*

Karani alifungua ushahidi wa Sefania Mgonja. Alitaka kuiruka hodi afike kwenye jambo, watu wakamkemea, akaisoma yote: wazee, mfereji, ndiva, baba mmoja mmoja. Hata wale vijana waliokuwa wanasukumana walitulia, kwa sababu hodi ikibishwa watu hutulia, hata wasipotaka. Kisha akafika katikati, mahali ambapo hapakuwa pamesomwa na mtu wala mashine.

"Mimi ni Sefania," karani alisoma. "Binamu yangu anasema mpaka ni mtaro. Mimi nasema ni kisiki cha mti wa msesewe, nendeni mkachimbe mtakuta mizizi. Hatujawahi kupatana tangu utoto, na leo hatupatani. Nje hapo nimeshauriwa nifupishe hodi, ati mashine huchanganya watu wa kwetu. Nimekataa. Mke wangu ni fundi humo ndani. Mwanamke yule hata barua ya matangazo huisoma mpaka chini. Kama yeye yumo, mashine hii inasoma yote, nami sina wasiwasi."

Karani alitua, akasoma na maneno ya kuaga.

Nakijwa hakumsikia akimaliza. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa Mlinganishi, na sauti iliyokuwa inamtoka haikuwa na aibu yoyote ndani yake. Hakuna aliyemwinua. Karani alifungua ushahidi wa pili, akaanza kuusoma juu ya kilio chake, kwa kuwa foleni ya waliosubiri kusikilizwa ilikuwa ndefu.

Baadaye Nakijwa alisimama, akafunga kanga, akaanza kuelekea mlangoni. Namsifu alimzibia njia.

"Unakwenda wapi? Hawajafika kwetu."

"Nyika."

"Peke yako? Na valvu ikifunguliwa wewe huko?"

"Maji mpe mama."

Namsifu alimpima kutoka juu mpaka chini. Hakukuwa na huruma machoni mwake, na Nakijwa hakuitafuta.

"Atakufukuza," Namsifu alisema.

"Atakuwa na haki."

"Usidhani mimi na wewe tumepatana."

"Sidhani."

Namsifu alisogea pembeni kumwachia njia. Nakijwa alikuwa ameshashuka ngazi mbili alipomsikia nyuma yake.

"Ukifika mlangoni kwake, bisha hodi," wifi yake alisema. "Yote, mpaka mwisho. Usikatize katikati ukaanza kulia, ukatuaibisha."